Wasomaji Wauliza: Hoki ya barafuni, msimamo uliopinda na mechi za alfajiri

Barua kadhaa za safari hii zinahusu NHL, ligi ya kulipwa ya hoki ya barafuni yenye timu 32, Marekani 25 na Kanada 7. Tumejibu sita. Ya kwanza imekula nafasi kubwa, kwa sababu ndiyo inayowachanganya wengi.

Bwana Mhariri, nimezoea msimamo wa soka: ushindi pointi tatu, sare moja, kufungwa hola. Kwenye NHL naona timu iliyoshinda mechi chache imekaa juu ya iliyoshinda nyingi. Ni kosa la uchapaji? (Mwalimu wa hisabati, Morogoro)

Si kosa, Mwalimu. NHL haina sare. Ushindi wa namna yoyote ni pointi 2. Ukifungwa ndani ya dakika 60 za kawaida huambulii kitu, lakini ukifungwa baada ya hapo, iwe katika muda wa nyongeza au kwenye mikwaju, unaondoka na pointi 1. Kwa hiyo mechi moja inagawa pointi 2 na nyingine inagawa 3, na hesabu inaanza kupinda hapo.

Chukua timu mbili za kubuni, kila moja imecheza mechi 82. Ya kwanza imeshinda 41, imefungwa 25 ndani ya dakika 60 na 16 baada ya dakika 60: jumla pointi 98. Ya pili imeshinda 47, imefungwa 33 na 2: jumla 96. Imeshinda mechi sita zaidi na bado iko chini.

Kwenye msimamo utakutana na herufi hizi. GP ni mechi zilizochezwa, W ushindi, L kufungwa ndani ya dakika 60, OTL kufungwa baada yake, PTS pointi. Safu ya RW watu huiruka, nayo ndiyo muhimu kuliko inavyoonekana: ni ushindi uliopatikana ndani ya dakika 60 tu. Timu zikilingana pointi mwisho wa msimu, RW huangaliwa kwanza. Zikilingana na hapo, unahesabiwa ushindi wa dakika 60 pamoja na wa muda wa nyongeza, bila ule wa mikwaju. Tofauti ya mabao, ambayo kwenye soka tunaikimbilia mapema, huku iko mbali sana chini ya orodha.

Tahadhari nyingine: katikati ya msimu timu hazilingani mechi. Usilinganishe pointi tupu. Gawanya pointi kwa mara mbili ya mechi zilizochezwa. Timu yenye pointi 60 katika mechi 48 ina 60 kwa 96, yaani 0.625. Yenye pointi 62 katika mechi 52 ina 62 kwa 104, yaani 0.596. Ya pili iko juu kwenye karatasi, lakini mwenye hali nzuri ni wa kwanza.

Aprili 2024 haya yote yalikutana usiku mmoja. Washington Capitals walikuwa na pointi 89, Philadelphia Flyers 87, na walikutana Philadelphia. Mechi ilifika dakika za mwisho ikiwa 1-1. Kwa timu nyingine yoyote hapo ungetulia usubiri muda wa nyongeza. Flyers walimtoa kipa wakaingiza mshambuliaji wa sita. Kwa nini? Muda wa nyongeza ungewapa Washington pointi moja ya uhakika, wafike 90, na Flyers hata wakishinda wangeishia 89. Walihitaji kushinda ndani ya dakika 60 au waende nyumbani. T.J. Oshie wa Washington akafunga kwenye goli tupu, Washington wakashinda 2-1 na kufikisha 91. Detroit Red Wings nao walimaliza na 91, tena wakiwa wameshinda mechi 41 dhidi ya 40 za Washington. Aliyeingia mchujo, yaani hatua ya mtoano ya kusaka ubingwa, ni Washington, kwa RW.

Muda wa nyongeza wa msimu wa kawaida ni dakika 5, watatu kwa watatu ukiacha makipa. Bao la kwanza linamaliza. Lisipopatikana, mikwaju mitatu kila upande, kisha mmoja mmoja. Na kuna mtego: kocha akimtoa kipa kwa hiari katika dakika hizo tano kisha akafungwa, ile pointi moja aliyokwisha kuipata inafutwa.

Sisi tunaona pointi hii ya kufungwa inazipa timu za wastani sura nzuri kuliko zinavyostahili. Zikibaki dakika tano na matokeo ni sare, angalia jinsi pande zote mbili zinavyoanza kucheza kwa woga. Pointi imeshaingia mfukoni, nani aivuruge?

Habari za kazi. Ni mechi 82 au 84? Nimeona namba zote mbili. (Dereva, Arusha)

Zote ni sahihi, inategemea msimu. Hadi 2025–26 kila timu ilicheza 82. Kuanzia 2026–27 ni 84, nusu nyumbani na nusu ugenini. Timu zimegawanywa katika kanda mbili, Mashariki na Magharibi, na kila kanda ina makundi mawili ya timu nane. Katika mechi 84, unacheza mara 4 na kila mmoja wa wenzako saba wa kundi lako (28), mara 3 na kila timu ya kundi la pili la kanda yako (24), na mara 2 na kila timu ya kanda nyingine (32). Zile mbili zilizoongezwa zimeingia ndani ya kundi, na zilizopunguzwa ni mechi za maandalizi.

Ndugu Mhariri, ratiba inasema Jumamosi saa moja jioni. Nikawasha Jumamosi saa moja jioni, hakuna kitu. Nisaidie. (Msomaji, Tanga)

Ratiba inataja saa za kule. Tofauti yetu na New York, Boston, Toronto na Montreal ni saa 8 kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi, na saa 7 muda mwingine wote, kwa sababu wenzetu husogeza saa zao mbele na nyuma na sisi hatusogezi. Mechi ya saa moja jioni New York, Desemba, kwetu ni saa tisa usiku. Oktoba au Aprili ni saa nane usiku. Ya saa moja jioni Edmonton kwetu ni saa kumi na moja alfajiri wakati wa baridi yao, na ya Los Angeles ni saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo ya mwisho unaweza kuitazama na chai, bila kukesha.

Kosa lako, na wengi wanalifanya, ni siku. Jumamosi usiku ya kwao ni Jumapili alfajiri ya kwetu. Ukitaka mechi ya saa za kibinadamu, tafuta zile za mchana za Jumamosi na Jumapili: saa saba mchana New York ni saa tatu usiku kwetu katika miezi ya baridi, saa mbili usiku kabla na baada yake. Wasomaji wa Bujumbura, Kigali na Lubumbashi wapunguze saa moja kwenye hesabu hizi. Wa Muscat waongeze moja.

Tenga saa mbili na nusu. Vipindi ni vitatu vya dakika 20, saa inasimama kila filimbi ikilia, na kati yake kuna mapumziko mawili ya dakika 18. Mchezo wenyewe huanza dakika kadhaa baada ya saa iliyotajwa.

Mechi za mchujo hazina ahadi hiyo. Huko hakuna mikwaju wala watatu kwa watatu. Mkifungana sare mnacheza watano kwa watano, vipindi kamili vya dakika 20, mpaka bao lipatikane. Tarehe 18 Mei 2023 ya kule, Florida Panthers na Carolina Hurricanes walianza ikiwa saa tisa usiku ya kwetu, na bao la ushindi lilikuja mwishoni mwa nyongeza ya nne, karibu saa tatu asubuhi. Rekodi ni ya Machi 1936, nyongeza sita, Detroit 1, Montreal Maroons 0.

Mimi ni fundi wa majokofu, Dar es Salaam. Florida ni joto kama kwetu. Barafu inakaaje?

Swali la mwenzetu wa kazi. Chini ya uwanja kuna zege, na ndani ya zege kuna mabomba mengi yanayopitisha maji ya chumvi au kimiminika kingine kisichoganda, kilichopozwa chini ya sifuri kwa mtambo usio mgeni kwako: kompresa, kondensa, evapareta. Maji hunyunyizwa kidogo kidogo, tabaka jembamba likigandishwa kabla ya jingine. Matabaka ya mwanzo hupakwa rangi nyeupe, kwa sababu barafu peke yake inaonyesha zege la chini, kisha mistari, kisha matabaka mengine juu. Unene wote ni kama sentimita 2.5 hadi 3. Ukizidisha, mtambo unahangaika bure, kwa maana barafu yenyewe inazuia baridi kupanda juu. Uso wake hushikiliwa kwenye kama nyuzi 4 au 5 chini ya sifuri.

Adui mkubwa ni unyevu kuliko joto. Hewa yenye mvuke ikigusa barafu inaacha umande unaoganda vibaya, uso unakuwa laini na wenye mikwaruzo mirefu. Ndiyo maana majumba ya miji ya Florida kama Tampa na Sunrise yanategemea sana mashine za kukausha hewa, na Mei na Juni watu elfu kumi na kitu wanapoingia wakihema na milango ikifunguliwa kila dakika, kazi inakuwa ngumu. Utaijua barafu mbaya kwa kuangalia paki, kile kisahani cha mpira mgumu wanachokipiga: badala ya kuteleza kinarukaruka. Kina kipenyo cha sentimita 7.6, unene 2.5, uzito gramu 156 hadi 170, na hugandishwa kabla ya mechi kwa sababu hiyo hiyo. Kikipata joto kinadunda, basi waamuzi wanakibadilisha mara kwa mara.

Gari linalozunguka wakati wa mapumziko linakwangua uso, linakusanya vumbi la barafu na kumwaga maji ya moto. Ya moto, ndiyo. Yanayeyusha kidogo kingo za mikwaruzo na kushikana na barafu ya zamani, na yana hewa kidogo ndani yake kuliko ya baridi. Na pale barafu inapogawana jumba na mpira wa kikapu, kama Madison Square Garden ya New York, haiyeyushwi. Inafunikwa kwa mbao za kuzuia joto, na sakafu ya kikapu inatandikwa juu yake.

Nani anaingia mchujo, na mbona anayeongoza ligi anatolewa mapema? (Mwanafunzi, Eldoret)

Watatu wa juu wa kila kundi, kisha kila kanda inaongeza wawili wenye pointi nyingi kati ya waliobaki, bila kujali kundi. Jumla 16. Wa pili na wa tatu wa kundi wanakutana wenyewe. Kiongozi wa kundi anapewa mmoja wa wale wa nyongeza. Kila raundi ni mechi saba, wa kwanza kushinda nne anapita, na mwenye pointi nyingi anapokea mechi ya 1, 2, 5 na 7. Raundi nne hizo, hadi Juni.

Boston Bruins walivunja rekodi 2022–23 kwa pointi 135, wakatolewa raundi ya kwanza na Florida baada ya kuongoza 3-1. Tampa Bay Lightning walikuwa na 128 mwaka 2019, wakapigwa 4-0 na Columbus. Sababu kubwa ni kipa. Mabao ni machache, na mtu mmoja akiwa moto kwa wiki mbili anafuta tofauti ya miezi sita. Halafu kuna ukomo wa mishahara, dola milioni 95.5 kwa timu msimu wa 2025–26, unaomzuia tajiri asijaze nyota wote kwake. Pengo kati ya wa kwanza na wa kumi na sita ni dogo kuliko msimamo unavyodai.

Ni kweli dereva wa gari la barafu aliwahi kudaka mechi ya NHL? (Msomaji, Mombasa)

Kweli. Kila timu huingia na wachezaji 20, wakiwemo makipa wawili, na wakati ule mwenyeji aliweka kipa wa dharura jukwaani, aliyeweza kuitwa na upande wowote. Tarehe 22 Februari 2020 makipa wote wawili wa Carolina waliumia jijini Toronto. Akaingia David Ayres, miaka 42, aliyekuwa pia akiendesha gari la barafu. Alifungwa mipira miwili ya kwanza, akaokoa minane iliyofuata, na Carolina wakawafunga Toronto, waliomweka wao wenyewe pale, 6-3.

Msomaji huyo huyo ameuliza kama kuna damu ya huku kwenye ligi hiyo. Beki Johnny Oduya, Msweden mwenye baba Mkenya, alitwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL, mara mbili na Chicago Blackhawks, 2013 na 2015. Na Nairobi ipo timu, Ice Lions, inayofanya mazoezi kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Uwanja huo ni mdogo sana ukilinganisha na wa NHL wenye mita 61 kwa 26. Ukienda kutazama, chukua sweta.