Maswali ya Wasomaji: Mvule wa Mlango, wa Chombo na wa Shamba

Mwezi huu barua nyingi zimehusu mbao, na nyingi kati ya hizo zimehusu mvule. Tumechagua nne.

SWALI: Assalamu alaykum. Ninajenga nyumba Wete na nimenunua mbao za mvule kwa ajili ya mlango wa mbele. Nyengine ni za kahawia tupu, nyengine zina mkanda mweupe pembeni. Seremala mmoja ananiambia mvule ni mvule, hauliwi na mchwa. Mwengine anataka weupe wote ukatwe, na anasema ingekuwa bora nitafute msaji (mti wa tiki). Tena msumeno wake umevunjika meno ndani ya ubao mmoja, naye anadai mna jiwe ndani. Nimsikilize nani? *Msomaji, Wete*

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Kuhusu weupe na jiwe msikilize huyo wa pili; kuhusu msaji tuna la kuongeza.

Sifa zote ambazo watu huusifia mvule ni sifa za kiini chake, ile sehemu ya ndani ambayo ikichanwa huwa ya manjano na kisha hugeuka kahawia kadiri inavyopata mwanga. Kiini kina kemikali za asili zinazowashinda mchwa na kuvu, ndiyo maana kinadumu miaka mingi hata bila dawa. Mkanda mweupe, ambao katika gogo huwa na upana wa sentimita 5 hadi 8 hivi, ni sehemu iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai. Huo hauna kinga hiyo, una wanga ndani yake, na bungua huuingia hata ubao ukiwa umekauka na uko ndani ya nyumba. Ukiona unga laini kama wa muhogo umejikusanya chini ya fremu ya mvule, ujue ni weupe unaoliwa. Kwa hivyo usikubali weupe kwenye mwimo wala kwenye kizingiti, mahali ambapo ubao hugusana na ukuta unaovuta unyevu. Aliyekuuzia mbao zenye weupe kwa bei ya kiini amekupunja, na ni haki yako kumwambia.

Jiwe lipo kweli. Mvule hufyonza kalisi nyingi kutoka ardhini, na baadhi yake huganda ndani ya nyufa na vidonda vya shina ikawa kalisi kaboneti, ambayo ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika mawe yetu ya chokaa. Ukitaka kuhakikisha, chukua kipande kilichovunja meno ya msumeno, kiponde kidogo, kisha ukitie siki: kitatoa povu. Mara nyingi jiwe halionekani kwa nje, lakini ubao unaolizunguka huwa umekoza rangi kuliko kwengine. Fundi akiona pahala palipokoza ghafla, apachokoe kwanza kwa patasi kuukuu kabla ya kupitisha randa ya mashine.

Ama msaji, ni kweli kwamba una mafuta zaidi na hutulia zaidi unyevu unapobadilika, na milango mingi ya nakshi ya Mji Mkongwe ilichongwa kwa msaji ulioletwa kwa majahazi kutoka India. Uzito wao ni karibu sawa, kiasi cha kilo 650 kwa mita moja ya ujazo zikiwa kavu. Lakini msaji unaouzwa leo aghalabu ni wa mashamba ya kupandwa, tena hukatwa ungali mchanga na una weupe mwingi. Kwa maoni yetu, kiini cha mvule mkongwe kinaushinda msaji wa namna hiyo. Isitoshe, mvule hushika gundi vizuri, ilhali msaji usipofutwa kwanza kwa spiriti mafuta yake huizuia gundi kushika.

Nyuzi za mvule hupishana, tabaka moja likilalia huku na jengine kule, hivyo randa ikienda vizuri katika ukanda mmoja hung'oa katika ukanda wa pembeni yake. Kisu cha randa kiwe kikali na kitolewe kidogo sana. Mwenye kutia nakshi naye atumie patasi zilizonolewa upya, akate kuvuka nyuzi pale zinapogeuka.

Juu ya yote hayo, mbao ziwe kavu. Zipangwe kivulini, zisiguse ardhi, na kati ya ubao na ubao viwekwe vijiti vya kupitisha hewa. Kata kipande kidogo katikati ya ubao mmoja, ukiache hapo hapo pamoja na mbao, na ukipime kila wiki kwenye mizani ya duka. Uzito ukiacha kushuka, kipande kimekauka, na mbao zenyewe uzipe muda zaidi kwa kuwa ni kubwa. Mlango uliotengenezwa kwa mvule mbichi utalegea viungo, na hapo hata kiini kizuri hakitakusaidia.

Ubao wa mlango wa futi 7 kwa 3 wenye unene wa inchi 2 unakaribia kilo 64, basi tia bawaba tatu imara kwa kila ubao. Bawaba na skrubu ziwe za shaba, kwani chuma katika hewa yetu ya chumvi hushika kutu na kuacha michirizi myeusi kwenye mbao.

SWALI: Sisi ni waundaji wa vyombo hapa Nungwi. Wazee walitumia mti wa mtondoo kwa mataruma, yaani mbao zilizopinda zinazoshikilia ubavu wa chombo kwa ndani. Je, tukiunda mashua yote kwa mvule tutakuwa tumekosea? *Msomaji, Nungwi*

JIBU: Kwa mbao za ubavu na mkuku (uti wa chini wa chombo), kiini cha mvule kinafaa sana, na kimetumika kwa vyombo katika nchi nyingi. Kwa mataruma wafuateni wazee. Matawi ya mtondoo huota yakiwa yamepinda, na taruma lililochongwa katika tawi lililopinda lenyewe lina nyuzi zinazofuata umbo lake, wakati ubao ulionyooka ukichongwa mviringo hukatwa nyuzi na hupasukia hapo. Wala msidhani kwamba mvule haudhuriki baharini. Minyoo ya bahari inayotoboa mbao huuchelewa tu, kwa hivyo kalafati ya kuziba nafasi kati ya mbao itiwe sawasawa, na deheni, mafuta ya kukinga chombo kwa chini, ipakwe kila chombo kinapopandishwa pwani.

SWALI: Mwanangu anajifunza useremala. Siku wanazopasua mvule hurudi macho mekundu, anapiga chafya na mikono inamuwasha. Wenzake humwambia atazoea. *Mama, Mwanakwerekwe*

JIBU: Mama yetu, hatazoea, yaelekea zaidi atazidi. Vumbi la mvule linajulikana kuleta muwasho wa ngozi, mafua na hata pumu, na mwili ukishaanza kulikataa huhitaji vumbi dogo zaidi kila mara. Avae barakoa ya kuzuia vumbi inayobana vizuri usoni, kwani kitambaa cha kujifunga hakitoshi. Apige msasa nje, aoge na kubadilisha nguo kabla ya kukaa na wadogo zake. Akianza kukohoa usiku au kubanwa na kifua, apelekwe hospitali na daktari aambiwe kwamba kazi yake ni ya mbao za mvule. Fundi wake naye aelezwe ampe mbao nyengine, na asimhesabu kuwa ni mvivu.

SWALI: Nina shamba la mikarafuu Micheweni. Naweza kupanda mvule kwa ajili ya wajukuu? *Msomaji, Micheweni*

JIBU: Unaweza, na tunakuomba upande, kwani mivule mikubwa imepungua sana. Usiipande peke yake kwa safu: kuna mdudu mdogo anayeshambulia majani ya miche, yakavimba na kuoza pamoja na kilele, na miche iliyosongamana humwita. Itawanye katikati ya miti mengine, penye mwanga wa kutosha. Kuna mivule ya kike na ya kiume, kwa hivyo mti wa kiume hautakupa mbegu. Msitu wa Ngezi una mivule, lakini ni hifadhi, basi mbegu au miche iombe kwa maofisa wa misitu. Na pembeni pandisha mifenesi, ambayo ni ya ukoo mmoja na mvule: kiini chake cha manjano hutoa samani nzuri, na utakuwa unakula mafenesi huku mivule ikikua.