Keki ya besdei ya dainosa na maswali yenu mengine

Jamani maswali ya keki za watoto yamekuwa mengi kweli, na wengi mnauliza jambo lilelile, kwa hiyo leo nimechukua manne na la kwanza nimelijibu kwa urefu maana ndilo linalowanyima usingizi wengi.

SWALI: Dada habari za kazi. Mwanangu anatimiza miaka 5 wiki mbili zijazo, siku ya Jumamosi, na anataka keki ya dainosa, yaani ukimtajia kitu kingine hasikii. Watoto watakuwa kama 25. Keki ya kawaida naoka vizuri tu ila fondanti, lile donge la sukari la kufinyangia mapambo, sijawahi kuigusa, na kila picha ninayoiona ina ghorofa tatu na dainosa kafinyangwa mpaka kucha. Nianzie wapi? – Mama Dainosa

JIBU: Nzuri mama, hongera kwa kukuza. Anza kwa kuziweka hizo picha pembeni. Mtoto wa miaka 5 hahesabu kucha, yeye anataka aingie amkute dainosa wake juu ya keki, basi. Thimu inabebwa na vitu viwili, rangi na umbo moja ambalo mtoto akilitupia jicho tu kashalijua, vingine vyote ni nyongeza na ukivirundika vinamfunika huyo dainosa mwenyewe.

Kwa hiyo oka keki moja ya duara ya sentimita 20, hiyo ndiyo ya mishumaa, halafu watoto wagawie kapkeki, kila mmoja na yake, hakuna kugombania kipande. Siagi gramu 200, sukari 200, unga 200, beking pauda vijiko vidogo viwili na mayai 4 vinatoa kapkeki kama 16 hadi 18, fanya hivyo mara mbili na wakubwa nao watapata. Vikombe vya karatasi vijaze theluthi mbili tu, oveni nyuzi 180, dakika 18 hadi 20.

Mapambo sasa. Krimu ya siagi ya kijani ukiiminya kwa ile nozo (ncha ya mfuko wa krimu) yenye vitundu vingi inatoka nyasi kabisa, biskuti za chokoleti ukizisaga unapata udongo, na dainosa mwenyewe wala usimfinyange, nunua wa plastiki, mwoshe kwa maji ya moto na sabuni, mkaushe, msimamishe juu, sherehe ikiisha mtoto anabaki naye wa kuchezea. Ukiwa na hamu ya kujaribu fondanti jaribu kwenye vitu vidogo, mayai ya dainosa, mifupa, nyayo. Changanya kijiko kidogo kimoja cha unga wa CMC, ule wa kukazia fondanti, kwenye fondanti gramu 250 ili vikauke vikawa vigumu, vitengeneze Jumatano na viache wazi mezani, usiviweke kwenye friji, vikitoka vitatoa jasho na kulegea.

Alhamisi oka, keki zikishapoa kabisa zifunge vizuri. Ijumaa paka keki kubwa mpako wa kwanza mwembamba wa kushika makombo, weka kwenye friji nusu saa, ndipo upake wa pili. Huu mpako wa kwanza watu wanauruka kwa haraka zao halafu wanashangaa krimu yao imejaa vipunje vya keki, usiuruke. Nyasi na udongo ni Jumamosi asubuhi, kazi ya saa moja hivi, na usiku wa kuamkia sherehe unalala kama watu wengine!!

SWALI: Nikitaka nyekundu napata pinki, nikitaka nyeusi napata kijivu, na nikizidisha rangi krimu inakuwa majimaji na chungu. Naikosea wapi?

JIBU: Kwanza achana na rangi ya maji, tumia ya jeli, ile inakolea bila kulowesha krimu. Pili usiwe na pupa, rangi huendelea kukolea yenyewe, changanya leo krimu ikiwa bado imefifia kidogo, funika, kesho utaikuta ni nyingine kabisa. Nyeusi usianze na krimu nyeupe, anza na yenye kakao, ikishakuwa kahawia tone dogo tu la nyeusi linatosha. Na mimi nawaomba sana, keki nzima nyeusi au nyekundu msiwapakie watoto, meno na ndimi zinabaki na rangi mpaka kwenye picha, hizo rangi kali ziwe kwenye mistari, macho na herufi tu. Ya zambarau usiiweke karibu na dirisha, mwanga unaila na unajikuta na keki ya buluu.

SWALI: Kapkeki zangu karatasi zinabanduka zenyewe, na krimu inateleza pembeni. Msaada tafadhali.

JIBU: Zote mbili ni joto. Ukiziacha ndani ya bati mvuke unakosa pa kutokea, unalowesha karatasi, inaachia. Zitoe baada ya dakika 5, zipange juu ya waya zipate hewa, na usizifunike zikiwa na uvuguvugu. Krimu nayo haikai juu ya keki yenye joto hata kidogo. Kipimo ni siagi gramu 250 kwa sukari ya aisingi gramu 500 iliyochekechwa, inatosha kapkeki 12 zenye krimu iliyozungushwa ikapanda juu, na siagi iwe laini ya kubonyea kwa kidole, sio iliyoyeyuka.

SWALI: Binti yangu anatimiza 6, anataka apambe kapkeki na marafiki zake, na mdogo wake wa miaka 2 atakuwepo. Nawaandaliaje? – Baba watoto

JIBU: Baba umefanya vizuri kumsikiliza. Zioke mapema, zipake krimu nyeupe wewe mwenyewe, na rangi zitie kwenye mifuko midogo midogo, mitatu au minne inatosha, kila mfuko ufunge kwa rababendi upande wa juu maana mikono midogo inakamua kutokea katikati na krimu yote inapanda juu. Huyo wa miaka 2 usimpe pipi ngumu za duara, njugu nzima wala zile pipi laini za mashimelo, anaweza kukabwa, mpe chenga laini za rangi. Vijiti vya meno visitumike popote kushikia mapambo, tumia tambi kavu, hata akiitafuna si kitu. Angalia pia unga wa kung'arisha, ukiandikwa hauna sumu haimaanishi unaliwa, tafuta ulioandikwa wazi kuwa ni wa kula na wenye orodha ya viambato. Na wazazi wa wageni waulize mapema nani hali mayai, maziwa au karanga, wa hivyo waokee zao pembeni kwa vyombo safi na uziweke alama kabla watoto hawajakaa mezani.