Naamini nanuka, na kila mtu aniambia sinuki

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 26, nakaa Likoni, nauza vitambaa mjini. Mwaka wa pili sasa naamini nanuka kikwapa. Naoga mara nne kwa siku, napaka shabu na ndimu mpaka ngozi inachubuka. Mtu akigusa pua kwenye feri, najua ni mimi. Mume wangu aapa sinuki, na madaktari wawili hawakuona kitu. Nimeanza kukosa kazini. Je, ni jini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huu ni ugonjwa, na una tiba. Shirika la Afya Duniani limeuorodhesha katika mwongozo wa magonjwa ulioanza kutumika 2022, kundi moja na wasiwasi wa kurudiarudia. Unamjua mtu mwenye wasiwasi wa udhu, anayeosha mkono tena na tena na bado haamini kama umelowa? Lako ni ndugu yake. Kusomewa sikukatazi, ila tiba usiiache.

Feri ya mchana ina joto, moshi wa dizeli na matenga ya samaki. Wengi wanagusa pua kwa sababu zao. Wewe unauona ule mkono mmoja, unajinusa, kisha jioni unamuuliza mumeo, "Nanuka?" Akisema hapana, unatulia dakika kumi. Kitulizo hicho kifupi ndicho kinachoulisha ugonjwa, kwa sababu ubongo unajifunza kwamba umesalimika kwa kuwa umeuliza. Kesho utauliza mara mbili.

Kupimwa mwili mara moja ni haki yako: ngozi, jasho la kupita kiasi, meno na ufizi, sukari. Umeshapimwa, kwa hiyo usimtafute daktari wa tatu akunuse.

Tiba yenyewe ni mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, yenye mazoezi ya hatua kwa hatua. Unapunguza kuoga hadi mara mbili, shabu na ndimu unaziweka kando. Unapanda matatu, unakaa katikati ya watu, hujinusi, hujipulizii marashi, unangoja hofu ishuke yenyewe. Mwanzoni moyo utakwenda mbio. Vumilia, hapo ndipo dawa ilipo. Mumeo naye, kwa makubaliano yenu, ajibu kwa upole: "Hilo ni swali la wasiwasi, silijibu." Najua litawauma nyote wawili.

Daktari wa akili anaweza kuongeza dawa ya kumeza, fluoksetini au setralini. Ipe dawa wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema haijafanya kazi, usiikatishe mwenyewe, na mwambie daktari ukiwa mjamzito au ukinyonyesha.

Anzia kliniki ya afya ya akili katika hospitali kuu ya rufaa ya Pwani. Mwambie daktari yote haya, hata yale unayoyaonea haya. Na ikikujia fikra kwamba afadhali ufe, usingoje siku ya kliniki: nenda idara ya dharura saa hiyohiyo, mumeo akufuate.