Je, kipimo cha kwanta kinaweza kuonyesha dhahabu ilipo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mchimbaji mdogo wilayani Chunya. Mtu mmoja alifika machimboni kwetu na kifaa cha kushika mkononi anachokiita cha kwanta, akidai kwamba kinaonyesha dhahabu ilipo, na akataka alipwe kwanza. Je, teknolojia hiyo ipo kweli? – Msomaji, Chunya.

JIBU: Ndugu yetu, teknolojia ipo, lakini haifanyi kazi uliyoelezwa. Kwanta ni elimu ya tabia za vitu vidogo mno kama atomu. Kipimo cha kwanta cha uvutano wa dunia huchukua atomu za rubidi, aina ya metali, huzipoza kwa leza hadi zikaribie sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa, kisha huziachia zianguke ndani ya chemba isiyo na hewa. Na kwa kuwa atomu zilizopoa kiasi hicho hutenda kama mawimbi, leza huweza kusoma kwa usahihi mkubwa kasi ya kuanguka kwake, ambayo hubadilika kidogo sana pale ardhi ya chini inapokuwa nzito au nyepesi zaidi. Kwa hiyo kifaa hupima uzito wa kilichomo ardhini, wala hakitambui kama ni dhahabu au ni jiwe tu.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walitangaza kwamba kipimo chao kiligundua handaki la upana wa mita 2 lililokuwa takriban mita 1 chini ya barabara. Uwazi mkubwa kama huo hupunguza uvutano kiasi cha kupimika, ilhali dhahabu ya kwenu imo katika mishipa myembamba ya kwatzi. Mlima Etna, Italia, kipimo cha aina hii kiliwekwa mwaka 2020 kufuatilia miondoko ya volkano, na binafsi ningefurahi kukiona siku moja katika volkano ya Ngozi, mkoani Mbeya, ambako jotoardhi inatafutwa.

Kwanta unayoitumia tayari ni ile ya saa za atomu zilizomo katika setilaiti za GPS. Simu hujua ilipo kwa kupima muda ambao mawimbi ya setilaiti, yanayokwenda kwa kasi ya nuru, huchukua kuifikia. Nuru husafiri sentimita 30 hivi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, hivyo saa hizo zikikosea kidogo tu, mipaka ya leseni uliyoipima kwa simu nayo itahama.

Kuhusu mgeni wenu, kabla ya kumlipa, mwambieni atafute shimo la zamani lililofukiwa ambalo ninyi mnalijua na yeye halijui.