Linux Ikigoma Kuwaka Kwenye Kompyuta Kuukuu, Tafuta Kwanza Ilipokwama

Kompyuta kuukuu iliyogeuzwa seva ya nyumbani ikigoma kuwaka, wengi hukimbilia kusakinisha mfumo upya. Mimi nashauri utazame skrini kwanza ujue imekwama hatua ipi, kwa sababu BIOS (programu ya ubao mama inayoamsha mashine), GRUB (inayopakia Linux), kerneli (kiini cha Linux) na systemd (inayoanzisha huduma za mfumo) hupokezana kazi kwa zamu, na kila hatua ina dalili zake. Kusakinisha upya hakuponyi betri iliyokufa wala waya uliolegea.

Ninayoitumia ni ya mezani, yenye prosesa ya Core 2 Duo, iliyostaafishwa ofisini na sasa inatunza picha na nyaraka za familia kwa Debian. Katika mashine za umri huo huanza kwa kushuku betri ya CR2032, ile ndogo ya duara yenye volti 3. Ikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi na mipangilio ya BIOS huwa kama ilivyotoka kiwandani, hivyo diski inayotangulia hubadilika na ukaambiwa hakuna mfumo wowote, ilhali diski ni nzima. Hata mfumo ukifanikiwa kuwaka, apt (kisakinishi cha programu cha Debian) na kivinjari huweza kukataa kufanya kazi kwa sababu ya tarehe hiyo ya ajabu. Badilisha betri, kisha rekebisha saa na mpangilio wa diski.

Ukikuta maneno grub rescue, maana yake GRUB imeanza lakini haioni mafaili yake. Andika ls uone diski na patisheni (sehemu za diski) inazozitambua. Kama yako haimo kabisa, zima mashine ukague waya wa SATA, unaounganisha diski na ubao mama, kabla ya kulaumu programu. Kama imo, elekeza prefix (mahali GRUB inapotafuta mafaili yake) kwenye folda ya /boot/grub iliyo katika patisheni hiyo, andika insmod normal na kisha normal. Mfumo ukishawaka, hakikisha jina la diski kwa lsblk, ndipo uendeshe grub-install na update-grub ili kuisakinisha GRUB upya.

Tatizo linalowatesa zaidi wenye mashine za namna hii, kwa maoni yangu, ni /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa mfumo unapowaka, kwa kuwa tunachomeka na kuchomoa diski za mitumba bila kufuta mistari yake. Kwa kawaida systemd huisubiri diski isiyokuwepo kwa sekunde 90, ikionyesha ujumbe unaoanza na A start job is running, kisha hukutupa kwenye hali ya dharura inayodai nywila ya root (msimamizi mkuu wa mfumo). Kama hukuiweka nywila hiyo wakati wa kusakinisha, huenda hata huko usiingie, na hapo unaweza kuwasha kwa flashi yenye Linux ili uihariri fstab kutoka nje. Tumia UUID (kitambulisho cha pekee cha patisheni) inayotolewa na amri ya blkid badala ya majina kama sdb, ambayo huweza kubadilishana, na kila diski isiyo ya lazima iandikie nofail, ili kukosekana kwake kusizuie mfumo kuwaka.

Skrini ikiwa nyeusi mara tu baada ya menyu ya GRUB, shuku kadi ya picha: bonyeza e, ongeza nomodeset (inayoizuia kerneli kubadili hali ya picha) mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, halafu bonyeza Ctrl na X. Badiliko hilo ni la uwashaji huo mmoja tu, kwa hiyo halina madhara ya kudumu.

Makosa ya kusoma diski yakijaa kwenye skrini, usiharakishe kuendesha fsck, amri inayokagua na kurekebisha mfumo wa mafaili, kwani diski inayokufa huweza kumalizwa na kazi hiyo. Washa kwa flashi, soma ripoti ya afya ya diski kwa smartctl -a, uangalie Reallocated_Sector_Ct (sekta mbovu zilizobadilishwa) na Current_Pending_Sector (sekta zinazoshukiwa kuwa mbovu). Namba hizo zikiwa zinapanda, nakili diski yote kwenda nyingine kwa ddrescue, na fsck uiendeshe kwenye nakala.