Maswali yenu wiki hii: zamu za usiku, wazee wetu na hii corona

Mbukwenyi jamani. Wiki hii simu yangu imejaa meseji za watu wanaohudumia wazee, wa makazi ya serikali, wa vituo vya makanisa, na sio manesi tu, kuna wapishi, wafuaji, mpaka mlinzi mmoja ambaye ndo anasaidia kubeba wazee usiku maana hakuna mwingine. Mi ni muuguzi wa afya ya akili kwahiyo nitajibu ninachokijua, wa kuwaambia jikazeni wapo wengi tu, mi simo. Majina nimeyaacha.

Shikamoo dada. Nafanya zamu ya usiku, niko peke yangu na wazee zaidi ya ishirini. Mwezi wa saba tumezika wawili, mmoja nilikuwa namuogesha mimi tangu nimeanza kazi. Sasa nikilala mchana namsikia anakohoa, nashtuka. Nyumbani wananiambia kwani alikuwa babu yako? (Mhudumu, Dodoma)

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Alikuwa babu yako bwana, wasikuchanganye. Mtu umemuogesha, umemkata kucha, unajua mlenda upi anakula na upi anausukuma pembeni, halafu anakata roho saa tisa usiku uko nae wewe tu, asubuhi unaambiwa badilisha shuka kuna mwingine anakuja. Huo ni msiba kamili, ila hauna matanga. Hata sheria ya kazi inatoa siku nne za likizo yenye malipo ukifiwa na mwenzi, mzazi, mtoto, babu, bibi, mjukuu au ndugu yako, lakini mzee wa zamu yako hayumo kwenye hiyo orodha, ndo maana hakuna anayekupa hata pole.

Kwahiyo matanga mjitengenezee wenyewe. Zamu zinapokabidhiana kaeni hata robo saa, mtajeni marehemu kwa jina, semeni alivyokuwa, vichekesho vyake, ukatili wake kama alikuwa nao, anayetaka kulia alie. Akiondoka mwingine fanyeni tena, msiache zikarundikana. Huko kumsikia anakohoa kunatokea sana kwa mtu aliyefiwa na ambaye usingizi wake ni wa vipande vipande, haina maana umechizika wala mzee hakudai kitu.

Usingizi wa mchana nao una ufundi wake. Kahawa ya mwisho isizidi saa nane usiku, ukifika nyumbani kula kidogo ulale, usianze kufua, ziba dirisha na kanga nzito, simu ikae chumba kingine. Upepo wa mwezi huu wa nane unavyopiga mabati hapa Dodoma najua hata hivyo ni shida, weka pamba masikioni.

Ila hesabu wiki. Ikifika wiki mbili na karibu kila siku umezama, chakula hakipandi, kitu ulichokuwa unakipenda hakikugusi tena, hapo tumeshatoka kwenye majonzi tunaingia kwenye sonona na sonona inatibika, nenda kituo cha afya. Na likija wazo la kutaka kufa usisubiri wiki yoyote, siku hiyohiyo mwambie mtu unayemwamini akupeleke hospitali, usibaki peke yako. Kuwaza sio kosa la jinai, mtu asikutishe.

Kuhusu kuwa peke yako na wazee ishirini na kitu, hapo dawa sio mimi, dawa ni mtu wa pili. Kuna msimamizi nimemjibu huko chini, mwonyeshe na wako.

Nikitoka zamu napiga glasi mbili tatu za waini yetu ya zabibu ndo nilale. Kuna ubaya?

Upo. Pombe inakulaza haraka halafu inakuamsha katikati, unaamka moyo unaenda mbio na wasiwasi umezidi wa jana. Baada ya muda mbili zinakuwa nne. Kama unakunywa kila siku tena nyingi usikate ghafla, mwone daktari kwanza maana kukata ghafla nako kunaweza kuwa hatari.

Habari dada. Mimi mlezi wa kiume, zamani wazee walikuwa wananiita mwanangu. Siku hizi kuna mzee mmoja msahaulifu, kila nikimvalisha barakoa anaivua, namfokea, juzi nimemvuta mkono kwa nguvu mpaka akalia. Nikirudi nyumbani sisikii kitu chochote, mke wangu anasema nimekuwa jiwe. Nimekuwa mtu mbaya? (Singida)

Nzuri kaka. Kumvuta mkono ni kosa na umelijua mwenyewe, kesho nenda kaseme kwa msimamizi wako kabla hajasema mwingine, na uangalie huo mkono wa mzee kama hauna uvimbe. Hilo halina mjadala.

Sasa turudi kwako. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 walieleza huu uchovu wa kazi kwamba una pande tatu: nguvu zinaisha kabisa, moyo unajitenga na kazi unaanza kuichukia au kuikejeli, na unaona unachofanya hakina maana tena. Wakasema pia unatokana na stresi ya kazini ya muda mrefu ambayo haijashughulikiwa, na hawakuuita ugonjwa. Mi napenda walivyolisema hivyo, kwasababu huku kwetu mtu akichoka tunaanza kumchunguza yeye, anasali, anakunywa, ana mchepuko, ratiba ya zamu hakuna anayeiangalia. Wewe mtu aliyekuwa anaitwa mwanangu halafu ndani ya miezi kadhaa umekuwa jiwe, hiyo sio tabia yako imebadilika tu hewani.

Na huyo mzee hakukomoi. Mwenye usahaulifu wa uzeeni ukimwambia vaa barakoa, dakika tano zijazo hakuna mtu amewahi kumwambia vaa barakoa, anaona kitambaa kinamziba pua anakitoa, hata wewe ungekitoa. Achana na hiyo vita. Vaa wewe barakoa vizuri, nawa mikono, fungua madirisha, mtoe nje akae chini ya mti mbali kidogo na wenzie, hapo umemkinga kuliko kushindana nae siku nzima. Ukiona hasira inapanda, na mwili huwa unaanza kukwambia, taya linakaza, sauti inapanda, hakikisha mzee amekaa salama, muite mwenzio ashike, utoke nje. Pangeni kabisa neno la kuitana, hata "nishikie" inatosha, na anayeitwa asiulize kuna nini.

Mkeo mwambie hayahaya uliyoniandikia. Anadhani umemchoka yeye.

Mwanangu, mimi binti yangu yuko Kanada anahudumia wazee kwenye nyumba zao za kulelea. Tangu mwaka 2020 akipiga simu analia, nami sijui nimwambie nini. (Mama, Dodoma mjini)

Shikamoo mama. Binti yako ameona makubwa. Kwenye wimbi la kwanza mwaka 2020, kama asilimia 80 ya vifo vya corona Kanada vilitokea kwenye hizo nyumba za wazee, ikafika mahali serikali ikapeleka wanajeshi kwenda kusaidia kwenye baadhi ya nyumba huko Quebec na Ontario. Wahudumu wengi walikuwa wanafanya kazi nyumba mbili tatu ili mshahara utoshe, kwahiyo anaogopa asije kuwa yeye ndo aliyeubeba ugonjwa akawapelekea. Huo mzigo wa kujilaumu ndo unaomliza, nadhani kuliko hata kazi yenyewe.

Akilia mwache alie mama, usikate simu, usimwambie mshukuru Mungu una kazi. Muulize wazee wake wanaitwa nani. Mwambie ale. Na nisamehe kwa hili, lakini ongea na ndugu, meseji za ada na michango ya harusi zipungue kidogo kwa sasa, anashindwa kukataa zamu ya ziada kwasababu yetu sisi.

Nasimamia kituo kidogo cha wazee, nina wafanyakazi tisa, wawili wanaumwa, waliobaki kila siku ruhusa. Naona kama wanategea. Nifanyeje? (Kondoa)

Mtegeaji huwa anategea tangu siku ya kwanza. Aliyekuwa anafanya kazi vizuri halafu akabadilika, huyo amechoka. Anza na karatasi ya zamu kabla ya watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi, saa za kawaida 45 kwa wiki, kati ya zamu na zamu mtu apumzike saa 12, kila wiki apate saa 24 mfululizo za kupumzika, na anayefanya usiku kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na mbili asubuhi ana nyongeza yake ya asilimia 5. Najua utasema watu sina. Basi bandika ratiba mapema mtu ajue Jumapili yake ipo, usimtoe mtu usiku ukamrudisha mchana huohuo, usiku wawe wawili hata kama wa pili ni wa jikoni, na tafuta vibarua wa kufua na kufagia ili walezi walee.

Kingine, waambie ukweli. Mzee akianza homa waambie ni homa, nani yuko nae, barakoa zimebaki ngapi. Ukinyamaza wanajazia wenyewe, na wanachojazia ni kibaya kuliko ukweli. Na tafadhali sana hizo semina za msongo wa mawazo saa moja asubuhi kwa mtu aliyekesha, hiyo ni adhabu, mwache akalale.

Nataka chanjo lakini nasikia sitazaa.

Hakuna ushahidi huo. Rais Samia alipozindua chanjo ya corona Julai 28, 2021, watumishi wa afya na wenye miaka 50 kwenda juu walikuwa kati ya waliopewa kipaumbele, na iliyoletwa wakati huo ilikuwa ya sindano moja. Kachanje. Nyungu (kujifukiza) piga ukitaka ila haichukui nafasi yake.

Nimeambiwa nikaonane na mtu Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, lakini nikionekana pale mtaa mzima utasema nimechizika.

Watasema, siwezi kukudanganya. Mirembe ipo tangu 1927 na hapa mjini jina lenyewe limekuwa tusi, watoto wanatukanana nalo. Lakini ukifika pale asubuhi utakuta foleni ya watu wa kawaida kabisa, mwalimu, bodaboda, mama na mwanae wa kifafa, wanaonana na mtaalamu, wanachukua dawa kama wameandikiwa wanarudi makwao. Kulazwa ni wachache na kuna sababu zake. Kama roho inagoma kabisa, anzia hospitali ya mkoa pale General au kituo cha afya kilicho karibu, sema hivi hivi, sina usingizi, nalia bila sababu, nafanya kazi na wazee, wakiona haja watakupa rufaa. Nenda siku uliyo off, usiende ukitoka usiku, maana utasinzia kwenye foleni wakuite jina usisikie.