Fanya Zoezi la Dharura Watoto Wakiwa Wamelala

Karibu kila kituo cha kulelea watoto nilichofanya kazi kilikuwa na mpango wa dharura uliobandikwa ukutani, na zoezi la kutoka nje lilifanywa asubuhi. Asubuhi watoto wamevaa viatu, walezi wote wapo, na kila mtu ameshadokezwa kwamba king'ora kitalia. Kwa mazoezi ya namna hiyo utajiona uko tayari mwaka mzima. Ushauri wangu kwa walezi wenzangu: fanyeni zoezi moja saa ya usingizi wa mchana, mlezi mmoja akiwa amekwenda kula na vichanga wamelala fofofo.

Mtagundua mengi kwa dakika chache. Mtu mmoja hawezi kubeba vichanga watatu na bado akafungua mlango. Kitanda imara chenye magurudumu hubeba kadhaa kwa mkupuo, ila pima kwanza upana wa mlango, maana nimeona kitanda kipya kikikwama kizingitini. Kwenye ngazi hakisaidii kitu, kwa hiyo chumba cha vichanga kiwe ghorofa ya chini, karibu na mlango wa kutokea. Viatu visimcheleweshe mtu: viwekwe kwenye mfuko mmoja mlangoni, mvalishane mkishafika salama. Na mtoto aliyekurupushwa usingizini hafuati maelekezo. Wengine hujificha, kabatini au chini ya kitanda, hasa wakisikia kelele au kuona moto. Wa mwisho kutoka apekue huko, kama bado pana usalama.

Mkishafika mahali pa kukusanyika, msihesabu vichwa tu. Iteni majina. Mtoto aliyechukuliwa mapema na bibi yake bila kuandikwa kwenye rejesta anaweza kumfanya mlezi arudi ndani ya moshi kumtafuta mtu ambaye yuko nyumbani anakula. Ndiyo maana mimi ni mkali sana kuhusu rejesta, hata nimepachikwa majina kwa ajili hiyo. Iwe ya karatasi, pamoja na namba za wazazi, kwa sababu simu huishiwa chaji na mtandao hukatika siku ileile unapohitajika.

Si kila janga linataka kukimbilia nje. Kwenye moto tunatoka, tukiinama chini ya moshi. Ardhi ikitikisika tunabaki ndani: tunapiga magoti, tunaingia chini ya meza imara, tunashika mguu wake mpaka itulie, mbali na madirisha. Rafu ndefu zifungwe ukutani kabla ya siku hiyo. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, jenereta ikae nje, mbali na madirisha na milango. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka humo haina harufu na huua watu usingizini.

Akiba ya kituo ni maji takriban lita 4 kwa kila mtu kwa siku, ya kutosha siku 3, vyakula visivyohitaji kupikwa, na dawa za watoto wenye pumu au mzio zikiwa na majina yao. Maziwa ya unga yanadai maji safi na chupa safi, kwa hiyo wanaoweza wanunue yaliyokwisha kuchanganywa. Kagueni nepi pia. Watoto hukua, nepi za akiba hazikui.

Huduma ya kwanza ijulikane na kila aliye zamu, mpishi akiwemo. Aliyeungua apoozwe kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta. Kichanga aliyepaliwa, asiyeweza kulia wala kukohoa, hupigwa mara 5 mgongoni kati ya mabega kichwa kikiwa chini, kisha husukumwa mara 5 kifuani. Tumbo lake lisiminywe. Haya hayafundishwi kwa kusoma tu. Tafuteni mkufunzi.

Sehemu inayovuruga walio wengi ni kukabidhi watoto. Watu hufika wakihema, majirani hujitolea kumchukua "mtoto wa fulani". Wasiokuwa kwenye orodha iliyosainiwa na mzazi wasipewe mtoto, hata wakifoka. Wazazi nao waambiwe mapema mahali pa pili mtakapohamia, wasije wakaendesha gari kwenye mafuriko wakifuata jengo tupu.

Kuna jambo moja ambalo sijaliona kwenye mpango wowote wa ukutani: walezi nao wana watoto, na watoto hao wako kwingine. Mama ambaye hajui mwanawe yuko wapi hatatulia kuimbia wa wenzake. Kaeni kikao mapema, kila mlezi aseme nani atamchukulia mtoto wake, nani anaweza kukesha kituoni na nani lazima aondoke kwanza, kisha muandike majina hayo chini ya rejesta.